Mume Wangu Anasema Pa Kulala Tutapata Njiani, Mimi Sina Amani

Dada, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbezi, Dar es Salaam. Mwezi Juni shule zikifunga tunakwenda Zambia kwa gari letu, Noah ya viti saba. Tutakuwa watu sita: mimi, mume wangu, watoto wa miaka 14, 9 na 4, pamoja na mama mkwe wangu mwenye miaka 68. Safari ilianza kwa ajili yake. Mtoto wake wa mwisho, shemeji yangu, anaishi Lusaka, ameoa huko na ana watoto ambao bibi yao hajawahi kuwatia machoni. Tukishakaa nao kidogo tutaendelea hadi Livingstone, watoto wakaone maporomoko ya Victoria, kisha turudi Dar wiki ya kwanza ya Julai kabla shule hazijafunguliwa.

Ugomvi wetu ni malazi. Mume wangu alipokuwa kijana alifanya biashara ya kwenda na kurudi Lusaka kwa basi, na barabara ile anaijua. Anasema kubuku vyumba kabla ni kujifunga kamba. "Gesti zimejaa njia nzima, tutakapochoka tutalala." Mimi nikifikiria watoto wamelala wamejikunja kwenye gari saa tatu usiku, tunagonga mageti nchi ya watu, usingizi unaniruka. Mama naye ana kisukari, anajichoma insulini, na magoti yanamsumbua. Hawezi kupanda ngazi za ghorofa mbili.

Basi nimeanza kutafuta mwenyewe kimyakimya. Nimepata vyumba vya njia yote, kila usiku, kwenda na kurudi, na bei inashuka sana ukilipa sasa hivi kwa sharti kwamba pesa hairudi. Livingstone nimeona nyumba nzuri ya vyumba vitatu yenye bwawa la kuogelea. Mwenye nayo anataka nitume pesa yote ya siku zote kwa simu, kwenye namba yake, na anasema wako wengine wawili wanaoitaka, nisichelewe. Shemeji naye anasisitiza tulale kwake Lusaka, ila sijui nyumba yake inatosha watu sita zaidi.

Dada, nilipie vyote nipumzike moyo? Au mume wangu ana haki na mimi ndiye mwoga? Sitaki tufike kwa watu tukiwa tumenuniana.

Mama wa Watatu, Mbezi

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Mwoga hujawa. Mwenye mgonjwa wa insulini na mtoto wa miaka minne ndani ya gari ana kila sababu ya kutaka kujua atalala wapi. Lakini usilipie vyote. Kitanda ulichokwisha kukilipia, kikiwa kilomita 150 mbele yako na jua limezama, ndicho kitakachomfanya mume wako aseme "tusukume kidogo tu, tunafika." Barabara hiyo hubeba malori ya shaba yanayoteremka kwenda bandari ya Dar usiku na mchana. Mengine huharibika na kuachwa katikati ya njia, na alama yake huwa ni matawi ya miti yaliyotupwa lamini. Sitaki pesa yako ya gesti ikulazimishe kupita hapo gizani na watoto. Kwa hiyo mpango wa kulala ufuate mwendo wa gari. Usiku unaoweza kuuhamisha uwe na nafasi ya kuhamishwa, na usiku usioweza kuuhamisha ufunge nafasi yake mapema.

Tuanze na upande wetu wa mpaka, maana hapo mume wako ana haki kabisa. Kutoka Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako hadi Mbeya gesti ni nyingi, na Juni si msimu wa kukosa chumba katika miji hiyo. Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500. Kwa foleni ya kutoka mjini, mwendo wa taratibu ndani ya Hifadhi ya Mikumi ambako barabara inapita kama kilomita 50 kati ya wanyama, na mlima wa Kitonga, hiyo ni siku nzima ukiwa na watoto. Laleni Iringa. Piga simu siku moja kabla, taja watu sita, imetosha. Ila kumbuka gesti zetu nyingi zina chumba cha kitanda kimoja cha watu wawili, kwa hiyo unahitaji vyumba vitatu, na viwe vinafuatana. Uliza pia maji ya moto na blanketi za ziada. Juni Iringa na Mbeya ni baridi kweli, na mtoto aliyezoea joto la Mbezi ataamka na kikohozi.

Usiku wa pili ndio wa kwanza kufunga: Mbeya. Najua wengi hupenda kuvuka mpaka na kulala Nakonde au mbele yake wajihesabu wameshaingia Zambia. Kwa familia yenu nasema hapana. Tunduma na Nakonde tangu 2019 ni kituo kimoja cha pamoja, na gari dogo la abiria halikai foleni moja na malori, lakini bado kuna uhamiaji, forodha, bima na tozo za gari, na hakuna anayeweza kukuahidi mtatoka saa ngapi. Ukiweka chumba upande wa pili kwa jioni hiyohiyo, mnaingia mpakani mkiwa mmechoka na mnatoka gizani. Laleni Mbeya, ondokeni alfajiri. Tunduma ni kama kilomita 100 tu, mnafika ofisi bado zina pumzi.

Hapo kuna jambo ambalo watu hulisahau wakati wa kuandika saa ya kufika hotelini. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Mkivuka saa nne asubuhi, kule ni saa tatu, mnajiona mmeongezewa muda. Lakini Juni jua la kaskazini mwa Zambia huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni kwa saa zao. Mwanga ni uleule, saa ya ukutani ndiyo iliyobadilika. Mkirudi ni kinyume chake, mnapoteza saa nzima, kwa hiyo siku ya kurudi msipange kufika mbali.

Kutoka Nakonde hadi Mpika ni kama kilomita 380, na hali ya lami hubadilika kila baada ya mvua. Mtu wa kumwuliza ni dereva wa basi la Dar–Lusaka wa wiki hiyo, na kwa vile mume wako anawajua watu wa barabara ile, mpe kazi hiyo. Hapa ndipo utumie chumba cha kuhamishika. Weka nafasi Mpika mahali panapokubali kufutwa bure hadi siku moja au mbili kabla, au panapokubali ulipe ukifika. Ukiona bei mbili kwa chumba kilekile, ile ya juu kidogo ndiyo inayokupa ruhusa ya kubadili mawazo, na kwa usiku huu inafaa kulipwa. Mkikwama mpakani, mnaishia Isoka au Chinsali, mnapiga simu Mpika kuomba radhi, na hampotezi kitu kikubwa.

Kuna sehemu moja ningependa sana mwione kabla ya Mpika: chemchemi za maji moto za Kapishya, karibu na Shiwa Ng'andu, ile nyumba kubwa ya matofali iliyojengwa na Mwingereza Stewart Gore-Browne porini miaka ya 1920. Magoti ya mama yangefurahi kukaa kwenye yale maji. Ila iko nje ya lami, mwendo mrefu wa vumbi, na mahali kama hapo huwezi kutokea jioni bila taarifa ukategemea utapata pengine jirani. Mkiitaka, fungeni nafasi mapema na muipe siku yake, msiifanye kituo cha dharura.

Mpika hadi Lusaka ni zaidi ya kilomita 600. Msijaribu kwa siku moja, hata kama mume wako aliwahi kuifanya kwa basi usiku kucha. Katisheni Serenje, Mkushi au Kapiri Mposhi, na hapo tena chumba cha kulipa ukifika kinatosha.

Lusaka laleni kwa shemeji. Bibi amesafiri njia yote hiyo akawaone wajukuu, ukimlaza hotelini utamwumiza yeye na mwanawe. Lakini usipange na shemeji peke yake. Mpigie mke wake mwenyewe, mwambie kwa uwazi: tuko sita, tutakaa usiku kadhaa, mama hawezi ngazi, dawa yake inahitaji friji. Yeye ndiye anayejua magodoro aliyonayo. Kama nyumba ni ndogo, bibi na watoto walale kwake, wewe na mume wako mchukue chumba karibu, na mchana wote muwe pale. Mkilisema hilo kabla ya safari hakuna atakayeudhika. Mkiligundua usiku wa kwanza, mwenyeji atalala sebuleni na wewe hutapata usingizi.

Sasa Livingstone. Hapa mume wako amekosea, na nitaeleza sababu ili usilazimike kubishana naye. Zambia wana sikukuu mbili zinazofuatana, Siku ya Mashujaa na Siku ya Umoja, ambazo huangukia Jumatatu ya kwanza ya Julai na Jumanne inayofuata. Ukiunganisha na Jumamosi na Jumapili ni siku nne za mapumziko, na familia nyingi za Lusaka huteremka Livingstone. Wakati huohuo shule za Afrika Kusini nazo huwa zimefunga, na wale husafiri kwa magari yao kama nyinyi. Maporomoko yenyewe bado yana maji mengi Juni, baada ya kufikia kilele karibu na Aprili, tofauti na Oktoba na Novemba ambapo upande wa Zambia ukuta mrefu hubaki mwamba mtupu. Kwa hiyo mnafika wakati mzuri, na kila mtu mwingine anajua hivyo. Mkichelewa, chumba cha familia ndicho huisha kwanza, mnabaki na vyumba viwili katika jengo moja na cha tatu ng'ambo ya bustani.

Mkiweza, nendeni Livingstone katikati ya wiki za mwisho za Juni na muwe mmeondoka kabla ya ule mwisho wa wiki mrefu. Hata barabara ya kurudi Lusaka kupitia Choma na Mazabuka itakuwa nyepesi. Tarehe zikiwabana, basi Livingstone ndiyo ya kufunga leo, kabla ya Mbeya.

Ile nyumba ya bwawa usiitumie pesa. Sisemi ni tapeli, sijamwona. Nasema masharti yake yamekuweka mahali ambapo akiwa tapeli huna pa kulalamikia: pesa yote, namba ya mtu binafsi, nchi nyingine, na haraka ya "wako wengine wawili." Mwenye nyumba wa kweli atakubali malipo ya awali ya sehemu, tuseme theluthi, na iliyobaki mkifika. Mwombe akupigie simu ya video akiwa ndani ya nyumba, aanze getini. Mwombe mahali palipo kwenye ramani. Chukua picha zake uzitafute mtandaoni uone kama hazijatumika kwa nyumba ya mji mwingine. Na unaye mtu Zambia: shemeji yako apige simu, aulize kwa lugha ya kwao, na kama ana rafiki Livingstone amtume akaione. Mtu akikasirika kwa kuulizwa hayo, umeshapata jibu. Ukitaka njia nyepesi zaidi, lipa kwa kadi kupitia mtandao wa kuweka nafasi ambao unashikilia mapatano yenu kwa maandishi. Kampuni za simu hapa nyumbani siku hizi zinatoa kadi za kulipia mtandaoni kutoka kwenye salio lako.

Mahali popote utakapochagua Livingstone, uliza kuhusu maji kabla ya kuuliza kuhusu kifungua kinywa. Bwawa lina uzio? Loji iko ukingoni mwa Zambezi? Mto ule una mamba na viboko, na loji nyingi za ukingoni hazipokei watoto chini ya umri fulani kwa sababu hiyo. Ukificha umri wa yule wa miaka minne ili upate chumba, mnaweza kurudishwa mapokezini na mizigo mikononi. Kwa mtoto mdogo na bibi mwenye magoti, mimi ningechagua nyumba ya kulala wageni mjini, chumba cha chini, uwanja wenye geti na mlinzi wa usiku, kisha mwende Mosi-oa-Tunya, yaani kwenye maporomoko yenyewe, asubuhi kwa gari. Ni karibu. Mkitaka kuona na upande wa Zimbabwe, acheni gari Livingstone mvuke daraja kwa miguu au teksi, na vitanda vyenu vibaki palepale. Kuhamisha watu sita na gari upande wa pili kwa usiku mmoja ni kurudia karatasi zote za forodha bure. Pasipoti zinahitajika hata hivyo.

Unapoandika maombi ya chumba, taja umri wa kila mtoto. Hoteli nyingi zinamhesabu wa miaka 14 kama mtu mzima, na bei inaweza kubadilika mlangoni ukiwa umeandika "watoto watatu" tu. Uliza kama bei ni kwa kwacha au dola, kwa chumba au kwa kichwa, na kama kodi imeshaingizwa. Majibu yote yawe ya maandishi, uyahifadhi kwenye simu na uyachape. Mtandao wa simu utakatika katikati ya Mpika na Serenje, karatasi haikatiki. Nakala moja ibebe pamoja na pasipoti za watoto na vyeti vyao vya kuzaliwa, kwa sababu ofisa wa uhamiaji anaweza kuuliza mnakwenda kulala wapi, na barua ya nafasi ya Livingstone pamoja na anwani ya shemeji ni jibu safi kuliko "tutapata njiani."

Kuhusu insulini, hili lisemwe kwa kila nyumba mtakayolala. Chupa anayoitumia sasa inaweza kukaa nje ya friji wiki kadhaa mradi haipati joto kali, lakini akiba inatakiwa friji, na isigande. Mapokezi wengine kwa nia njema wataiweka kwenye friza pamoja na samaki. Nenda nayo mwenyewe uone inapowekwa. Zambia inategemea sana umeme wa maji wa bwawa la Kariba, na mwaka 2024 ukame uliwafikisha kwenye mgao wa saa nyingi kwa siku, kwa hiyo uliza waziwazi: umeme ukikatika mna jenereta au sola, na je, inaendesha friji au taa tu? Beba kiboksi cha baridi kwenye gari, na daktari wake aandike barua ya dawa na sindano kwa ajili ya mpakani. Pia bibi asikae bila kula kwa kuwa chakula cha hoteli hakijawa tayari. Uliza jikoni hufungwa saa ngapi.

Mume wako usimpelekee orodha ya vyumba vyote ulivyovipata. Mpelekee siku mbili tu, Mbeya na Livingstone, na sababu zake. Mwambie kuanzia Mpika hadi Kapiri unamwachia yeye achague kituo kwa jinsi atakavyoona mwendo, kwa sharti moja: saa kumi jioni kwa saa za Zambia gari linaanza kutafuta geti la kuingia, hata kama mji unaofuata uko kilomita 60 tu. Mtu aliyewahi kufanya biashara kwenye barabara ile ataliona hilo ni neno la busara.

Leo mpigie mke wa shemeji. Yeye ndiye atakayekuambia ni tarehe zipi Lusaka inawafaa, na tarehe za Livingstone zinategemea hizo.